Berlin na watu wake waliouawa na kufukuzwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Berlin, wanaopita Berlin, au walioko Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na kwingineko ambao wameona picha ya mawe ya kijivu katikati ya mji huo wakauliza yana maana gani. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine yamerefuka kwa sababu yanatuhusu sisi moja kwa moja, na hayo sikutaka kuyapunguza.

Berlin inawakumbuka akina nani?

Kwanza Wayahudi wa Ulaya wapatao milioni 6 waliouawa na Manazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1933 Berlin peke yake ilikuwa na Wayahudi wapatao 160,000. Zaidi ya nusu walikimbia, baadhi yao wakafika hadi Kenya. Wapatao 55,000 waliuawa.

Wapo pia Wasinti na Waroma (jamii za Ulaya ambazo zamani ziliitwa Wajipsi), wagonjwa wa akili na walemavu, mashoga, na Wapoland. Wapo Wajerumani waliofukuzwa kutoka Ulaya Mashariki baada ya vita. Na kwa kuchelewa sana, wapo Waafrika.

Hakuna mnara mmoja wa wote hawa. Kila kundi lina mahali pake, na ukiuliza historia ya mahali hapo utakuta watu waliodai, wakakataliwa, wakarudi kudai tena. Hilo ndilo ningependa msomaji alishike anapozunguka mji huu. Serikali ilikuja kukata utepe mwishoni, lakini waliobeba mzigo ni raia.

Lakini si Wajerumani wenyewe ndio walioamua kuyakabili yaliyopita?

Ndivyo watalii wanavyoambiwa, na mimi naona maelezo hayo yanaruka miaka mingi. Chukua kiwanja kilichokuwa makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri wa Manazi. Baada ya vita majengo yalibomolewa. Kwa miaka sehemu ya kiwanja ilikuwa jalala la kifusi, na sehemu nyingine watu walikuja kujifunzia kuendesha gari bila leseni. Mei 1985 wakazi walikwenda pale na majembe wakaanza kuchimba, ili mji uone kilichofukiwa. Leo kipo kituo cha Topographie des Terrors, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2010.

Mfano mchungu zaidi ni wa Joseph Wulf. Alikuwa Myahudi aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz, kisha akawa mwanahistoria Berlin. Miaka ya 1960 aliomba jumba la Wannsee, ambamo tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 walikaa kupanga jinsi ya kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya, ligeuzwe kituo cha kumbukumbu na utafiti. Akakataliwa. Mwaka 1974 alijiua. Jumba lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1992, miaka 50 baada ya kikao kile. Ukienda Wannsee, tafuta jina la Wulf: maktaba ya mahali pale imepewa jina lake.

Yale mawe ya kijivu karibu na lango la Brandenburg ni makaburi?

Hapana. Hakuna aliyezikwa pale. Ni kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa: vitalu 2,711 vya zege vilivyopangwa safu kwa safu kwenye kiwanja cha mita za mraba 19,000, kazi ya msanifu majengo Peter Eisenman. Pembeni vitalu viko usawa wa goti au chini zaidi. Ukiingia ndani ardhi inashuka na vitalu vinapanda mpaka zaidi ya mita 4, sauti za magari zinapungua, na mwenzako mliyeingia naye unampoteza kwenye kona ya pili.

Madai ya kuujenga mnara huu yalianza mwaka 1988, yakiongozwa na mwandishi wa habari Lea Rosh na mwanahistoria Eberhard Jäckel. Bunge lilipiga kura tarehe 25 Juni 1999, na wananchi waliruhusiwa kuingia Mei 2005. Katikati ya ujenzi, mwaka 2003, ikagundulika kwamba dawa ya kuzuia michoro ukutani iliyokuwa ikipakwa kwenye zege ilitoka kampuni ya Degussa. Kampuni tanzu ya Degussa ndiyo iliyokuwa ikisambaza gesi ya Zyklon B iliyotumika kuulia watu kambini. Kazi ilisimamishwa, watu wakabishana kwa wiki kadhaa, kisha ikaamuliwa iendelee na dawa ile ile. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi uhalifu ule ulivyopita katika kila kiwanda na kila ofisi. Hata mnara wa kuwalilia wahanga haukuweza kujengwa bila kugusa mikono iliyohusika.

Mbona vitalu havina majina?

Eisenman alitaka hivyo, na ubishi juu yake haujakwisha. Majina yako chini ya ardhi, katika kituo cha maelezo ambacho mlango wake uko upande wa mashariki wa kiwanja. Wageni wengi hupiga picha juu na kuondoka bila kujua kwamba kituo kipo. Usifanye hivyo. Kule chini kuna barua za mwisho ambazo watu walizitupa kutoka kwenye treni, kuna historia za familia 15 kutoka nchi mbalimbali, na kuna chumba chenye giza ambamo majina yanasomwa moja moja pamoja na maisha mafupi ya kila mtu. Kuwasoma wote kwa utaratibu huo kungechukua zaidi ya miaka 6.

Kiingilio ni bure. Jumatatu kituo hufungwa, ila uwanja wa juu uko wazi mchana na usiku.

Naruhusiwa kukaa juu ya vitalu au kupiga picha?

Picha piga. Kuruka kutoka kitalu hadi kitalu, kuota jua au kupiga kelele hakuruhusiwi, na walinzi watakuambia. Mwenyewe Eisenman amewahi kusema hachukizwi na watu kukaa pale, lakini fikiria mjukuu wa waliouawa akipita na kukukuta unajipodoa kwa ajili ya picha. Matangani hatupigi picha za mapozi.

Vijiwe vya rangi ya dhahabu barabarani ni vya nini?

Hivyo huitwa Stolpersteine. Ni kibonge cha zege chenye upana wa sentimita 10, kikifunikwa juu kwa bamba la shaba ya njano, na kupandikizwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba ambayo mtu alikaa kwa hiari yake kabla ya kukamatwa. Juu ya bamba herufi zimegongwa kwa mkono: hapa aliishi fulani, mwaka wa kuzaliwa, siku aliyochukuliwa, alikopelekwa, kilichompata. Mwanzilishi ni msanii Gunter Demnig. Berlin aliweka vya kwanza mwaka 1996 katika barabara ya Oranienstraße, mtaa wa Kreuzberg, bila kibali cha mtu yeyote. Mamlaka ziliridhia baadaye. Mei 2023 kijiwe cha 100,000 kiliwekwa Nürnberg, na Berlin sasa ina zaidi ya 10,000.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote za Berlin, ingawa kila kimoja ni kidogo kuliko kiganja. Idadi ya milioni 6 akili haiibebi. Lakini ukitoka kununua mkate na kukuta vijiwe vinne mlangoni, baba, mama, binti wa miaka 11 na mtoto wa miaka 3, unainua macho kutazama madirisha na kuwaza ni lipi lilikuwa lao. Unajiuliza pia majirani wa ghorofa ya pili walikuwa wapi asubuhi ile.

Ni kweli kuna kijiwe cha mtu wa Dar es Salaam?

Ni kweli. Kiko Brunnenstraße namba 193, karibu na stesheni ya Rosenthaler Platz, na kiliwekwa mwaka 2007.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa asili ya Sudan katika jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Mahjub, akiwa bado mtoto, aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, na mishahara ya askari wengi haikulipwa.

Mwaka 1929 alifika Berlin baada ya kufanya kazi melini, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake na wa baba yake. Wakamwambia amechelewa. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu, akiwasaidia maprofesa ambao majina yao ndiyo yaliyobaki kwenye vitabu. Alioa mke Mjerumani. Kwa Wazungu alijulikana kama Bayume Mohamed Husen.

Manazi walipochukua nchi, kazi zilipungua moja baada ya nyingine. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, ambayo wanajeshi wa zamani wa Kijerumani walipewa, akanyimwa. Kilichobaki kilikuwa filamu. Studio zilihitaji Waafrika kwa hadithi za kutukuza makoloni, naye aliigiza katika filamu zaidi ya 20. Mojawapo, ya mwaka 1941, ilikuwa ya kumsifu Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Ujerumani Afrika Mashariki, yule yule ambaye watu wa kwetu walimwita Mkono wa Damu.

Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililoitwa kuchafua damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kila Mswahili anayefika Berlin na kuwa na saa moja ya ziada, naomba aende Brunnenstraße. Mwalimu wa lugha yetu aliuawa na dola aliyoitumikia akiwa mtoto, na ambayo ilikuwa bado inadaiwa mshahara wake.

Kuna vijiwe vya Waafrika wengine?

Vipo vichache. Mwaka 2021 viliwekwa vya Martha Ndumbe, ambaye baba yake alitoka Kamerun na ambaye alifia kambi ya Ravensbrück mwaka 1945, na cha Ferdinand James Allen, mtu mweusi mzaliwa wa Berlin aliyekuwa na kifafa na kuuawa kwa gesi huko Bernburg mwaka 1941. Utafiti unaendelea, na majina mengine yatapatikana.

Nani anaweza kuomba kijiwe kiwekwe?

Mtu yeyote: mjukuu, mpangaji wa sasa wa nyumba hiyo, darasa la shule. Kinachohitajika ni ushahidi wa mtu na anwani yake, mchango wa gharama, na subira, kwa sababu foleni ni ndefu. Kila wilaya ya Berlin ina kikundi cha kushughulikia maombi. Jamaa waliobaki hutafutwa, hata wakiwa ng'ambo ya bahari, na mara nyingi siku ya kuwekwa kijiwe ndiyo siku binamu ambao hawakuwahi kuonana wanakutana.

Kuna wanaovipinga?

Wapo, na hoja yao si ya kudharauliwa. Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa München aliyenusurika akiwa mtoto, anasema majina ya waliokanyagwa mara moja yasiwekwe tena chini ya viatu na mikojo ya mbwa. München haijaruhusu vijiwe kwenye ardhi ya umma tangu 2004. Wanaovitetea hujibu kwamba ili usome lazima uiname, na kuinama ni heshima. Mimi niko upande wa pili, lakini namwelewa mama yule.

Kuna pia wanaopinga kwa chuki. Novemba 2017 vijiwe 16 viling'olewa usiku Neukölln. Wakazi walichanga, vikarudishwa.

Watu walichukuliwa wapi? Kuna mahali pa kuona?

Gleis 17, yaani reli namba 17, katika stesheni ya Grunewald, magharibi mwa mji. Tarehe 18 Oktoba 1941 treni ya kwanza ya Wayahudi wa Berlin iliondoka hapo kwenda Łódź, Poland. Zaidi ya watu 50,000 walitolewa Berlin hivyo, kutoka Grunewald, kutoka stesheni ya mizigo ya Moabit, na wazee wengi kutoka Anhalter Bahnhof, katika mabehewa yaliyofungwa nyuma ya treni za kawaida za abiria.

Shirika la reli la Ujerumani lilifungua kumbukumbu ya Grunewald Januari 1998. Kando ya reli kuna mabamba 186 ya chuma, kila moja lina tarehe, idadi ya watu na mahali walikopelekwa. Hakuna sanamu wala wimbo. Unatembea unasoma. Mwanzoni idadi ni elfu moja na zaidi kwa treni. Mwishoni inapungua, 30, 20. Bamba la mwisho ni la Machi 1945: watu 18 kwenda kambi ya Theresienstadt. Wiki chache baadaye vita viliisha. Wanajeshi wa Kisovieti walikuwa wamekaribia Berlin, na bado palikuwa na mtu aliyeona ni muhimu kutafuta behewa kwa ajili ya watu 18.

Ukiwa na nafasi ya kwenda mahali pawili tu, nenda Brunnenstraße na Grunewald.

Nimeona mabango yenye picha ya paka na mkate huko Schöneberg. Yanahusu nini?

Yako mabango 80 kwenye nguzo za taa katika mtaa wa Bayerisches Viertel, ambao kabla ya vita ulikuwa na Wayahudi wengi, Albert Einstein akiwemo. Wasanii Renata Stih na Frieder Schnock waliyaweka mwaka 1993. Upande mmoja ni picha ya kawaida, kama ya kitabu cha watoto. Upande wa pili ni amri ya serikali na tarehe yake. Penye paka imeandikwa kwamba Wayahudi hawaruhusiwi kufuga wanyama, 1942. Penye mkate: Wayahudi wa Berlin watanunua chakula kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni tu, 1940. Kwingine imeandikwa kwamba wanaweza kukaa kwenye benchi za njano pekee.

Mabango ya kwanza yalipopandishwa, wapita njia waliwapigia polisi simu wakidhani ni Manazi wapya, ndipo vibao vidogo vya maelezo vikaongezwa. Kazi hii inaeleza kitu ambacho mashamba ya zege hayawezi kukieleza: mauaji hayakuanza na gesi. Yalianza na benchi. Kwa yeyote kutoka Rwanda au Burundi, ambako watu walikwisha kuhesabiwa na kutengwa kwa vitambulisho miaka mingi kabla ya panga, somo hili halihitaji mkalimani.

Kwa nini Wasinti na Waroma walisubiri kumbukumbu yao mpaka 2012?

Kwa sababu baada ya vita waliendelea kudharauliwa. Kabla ya michezo ya Olimpiki ya 1936, polisi wa Berlin waliwazoa Wasinti na Waroma wapatao 600, tarehe 16 Julai, wakawatupa kwenye kiwanja huko Marzahn kando ya mashamba ya maji taka, ili wageni wasiwaone. Kutoka hapo wengi walipelekwa Auschwitz. Halafu mwaka 1956 mahakama kuu ya rufani ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba kuhamishwa kwao kabla ya 1943 hakukuwa kwa sababu ya rangi, bali kwa sababu ya tabia zao, kwa hiyo fidia hakuna. Serikali ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982 tu.

Kumbukumbu yao iko hatua chache kutoka bungeni: bwawa la maji meusi la mviringo, kazi ya msanii Dani Karavan, na katikati jiwe la pembe tatu ambalo juu yake huwekwa ua bichi kila siku. Marzahn nako kuna mabango ya maelezo, na uwanja wenye jina la Otto Rosenberg, aliyepelekwa kambini hapo akiwa na miaka 9 na kunusurika.

Je, Wajerumani waliofukuzwa makwao nao wanakumbukwa?

Ndiyo, na hapa ubishi ulikuwa mkali. Mwisho wa vita na baada yake Wajerumani kati ya milioni 12 na 14 walikimbia au kufukuzwa kutoka Poland, Czechoslovakia na kwingineko. Wengi walikufa njiani. Chama cha waliofukuzwa kilipoanza kudai kituo chao mwaka 2000, Wapoland waliudhika: nani aliyeanzisha vita? Ilichukua zaidi ya miaka 20. Kituo kilifunguliwa Juni 2021 katika jengo la Deutschlandhaus, mkabala na magofu ya Anhalter Bahnhof.

Nilichokipenda ni kwamba kituo hakisimulii machozi ya Wajerumani peke yake. Ghorofa moja inazungumzia watu kung'olewa makwao duniani kote, na ghorofa ya Wajerumani inaanza na uhalifu wa Manazi. Mtu aliyekulia Kasulu, Kakuma au Nakivale atatambua vitu vilivyowekwa humo: ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena, mkoba, karatasi ya utambulisho iliyochakaa. Huzuni ya mkimbizi haifuti hatia ya nchi yake, na hatia ya nchi haimfanyi mtoto aliyekufa kwa baridi barabarani kuwa si kitu. Kuyashika yote mawili ni kazi ngumu, na kituo kimejitahidi.

Na waliouawa na Wajerumani Afrika?

Hapa ndipo Berlin inadaiwa.

Kati ya 1904 na 1908 jeshi la Ujerumani liliwaangamiza Waherero na Wanama wa Namibia: makumi ya maelfu waliuawa kwa risasi, kwa kiu jangwani na katika kambi kama Shark Island. Kwetu, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala makusudi. Amri na bajeti zilitoka Wilhelmstraße, barabara ile ile ambayo mkutano wa kugawa Afrika ulifanyika mwaka 1884 na 1885.

Nenda kwenye makaburi ya Columbiadamm, Neukölln, jirani na msikiti wa Şehitlik. Kuna jiwe kubwa la kuwaenzi wanajeshi saba wa Kijerumani waliokufa katika vita dhidi ya Waherero. Mbele yake, chini kabisa, mwaka 2009 liliwekwa bamba dogo kwa ajili ya wahanga wa utawala wa kikoloni Namibia. Neno mauaji ya kimbari halimo. Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kutumia neno hilo kwa Namibia, lakini bamba ni lile lile.

Ushindi mkubwa zaidi umepatikana kwenye majina ya barabara, na umeletwa na Waafrika wa Berlin na wenzao walioandamana na kuandika barua kwa miongo. Neukölln kulikuwa na barabara ya Hermann von Wissmann, aliyevivunja kwa mizinga vita vya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Tangu 2021 barabara hiyo inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wetu kutoka Kilimanjaro, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika nyadhifa serikalini baada ya uhuru.

Wedding, katika mtaa unaoitwa wa Kiafrika, Desemba 2022 jina la Lüderitz, mfanyabiashara aliyeanzisha ukoloni wa Wajerumani Namibia, liliondolewa na kuwekwa la Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama aliyefia Shark Island. Uwanja wa Nachtigal, mjumbe aliyeitwaa Kamerun kwa Ujerumani, ukawa wa Manga Bell, ukoo wa mfalme wa Duala aliyenyongwa mwaka 1914 kwa kupinga watu wake kuhamishwa kwa nguvu kutoka ardhi yao. Na tarehe 23 Agosti 2024 Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, ikagawanywa kuwa Anna-Mungunda-Allee na Maji-Maji-Allee. Anna Mungunda aliuawa Windhoek Desemba 1959, wakazi walipokataa kuondolewa mtaa wao wa zamani kupelekwa Katutura.

Shuka stesheni ya Afrikanische Straße na ukasome kibao. Maji Maji kwenye kona ya barabara ya Berlin: mabibi na mababu wa Matumbi, Ungoni na Mahenge wamesubiri zaidi ya karne.

Na mafuvu?

Bado yako Berlin. Makumbusho za mji huu zilirithi mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi ya ukoloni, mengi kutoka Rwanda, mengine Tanzania na Kenya. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa Septemba 2023 uliwapata ndugu walio hai wa baadhi yao, wakiwemo jamaa wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa Machi 1900, na familia yake inaendelea kutafuta kichwa chake. Familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Maji Maji, inatafuta vilevile. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea na kuomba msamaha. Mimi nashukuru kwamba alikwenda. Lakini kwetu aliyekufa huzikwa, na kabla ya maziko msiba haujaisha.

Siku za kumbukumbu ni zipi?

Tarehe 27 Januari ni siku ya taifa ya kuwakumbuka wahanga wa Manazi, tangu 1996. Tarehe 9 Novemba, siku masinagogi yalipochomwa mwaka 1938, utaona wakazi wamepiga magoti wakisugua vijiwe na kuwasha mishumaa. Tarehe 20 Juni huwakumbuka waliofukuzwa na wakimbizi. Februari hufanyika maandamano ya kuwakumbuka wahanga wa ukoloni na utumwa wa Waafrika. Maandamano hayo ni ya raia, na Mswahili yeyote anakaribishwa.

Niende na watoto?

Vijiwe na mabango ya Schöneberg, ndiyo, kuanzia umri wa kusoma. Kituo cha chini ya vitalu na Topographie des Terrors, subiri wafike miaka 14 hivi.

Nina siku moja tu. Nipangeje?

Asubuhi Grunewald kwa treni ya S7, maana panahitaji utulivu. Mchana lango la Brandenburg: vitalu, kituo cha chini, kisha bwawa la Wasinti na Waroma, vyote kwa miguu. Alasiri Brunnenstraße 193 kwa treni ya U8. Treni hiyo hiyo itakufikisha Hermannplatz, na kutoka hapo Lucy-Lameck-Straße ni mwendo mfupi. Vyote hivi ni bure. Utalipa nauli tu.

Kuna mnara wa taifa kwa wahanga wa ukoloni?

Hakuna. Bamba la kukumbusha mkutano wa kugawa Afrika liko Wilhelmstraße 92, mabarabara yamebadilishwa majina, maonyesho hufanyika na kwisha. Wanaodai mnara huo wanaendelea kukutana na kuandika kwa madiwani wa wilaya na wabunge. Wanahitaji watu wanaojua Kiswahili kusoma barua na masimulizi ya wazee, wanaoweza kupiga simu Songea, Kilwa au Old Moshi na kuuliza kwa adabu familia inataka nini. Ukiwa unaishi Berlin na una uwezo huo, jitokeze kwenye maandamano ya Februari na uwaambie.